Sijambo ya Binamu Hamisi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, enzi za Mwingereza, nimerudi Bagamoyo kutoka Msata nilikokwenda kuuza samaki wakavu. Ujana wangu haukujua kutulia. Kwetu nilikuwa mgeni wa siku mbili.

Nikampitia binamu yangu Hamisi, mpishi wa halua, ambaye kisukari kilimpata mwaka uliotangulia. Sisi mabinamu ni watani, basi sikumhurumia.

"Hamisi, nasikia siku hizi nyuki wameacha maua, wanakufuata wewe!"

Zamani angenitukana mpaka nikimbie. Siku ile alikuwa amelala, kageukia ukuta.

"Hujambo lakini?"

"Sijambo."

Nikaridhika, nikatoka. Uani nikamkuta mama yake, shangazi yangu Mwanaidi, akipepeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umemwonaje mwenzio?"

"Kasema hajambo."

Akaweka ungo chini. "Hajambo! Siku ya pili leo hakanyagi hospitali kuchomwa sindano yake. Sufuria lake la halua kampa jirani. Kisha anakwambia hana jambo, nawe unaitikia kama kasuku. Umemsalimia, hujamuuliza."

"Watu wanasema ni uvivu," nikajitetea. "Wengine wanasema pepo."

"Hao watu wamekaa naye kama mimi na mkewe? Rudi ndani, ukae."

Sisi watu wa pwani, mwanangu, husema sijambo hata homa ikitutetemesha. Ni adabu, na adabu ni nzuri, lakini mtu anaweza kufia ndani yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nikarudi, nikakaa mkekani. Kukaa kuliniwasha kama upupu. Mwisho nikasema, "Hamisi, wewe una jambo. Niambie."

Akavuta shuka. Kisha, bila kugeuka, akasema: "Nimechoka kuishi kwa sindano. Halua naipika, naishia kuinusa. Kila kukicha najiuliza naamkia nini."

Namshukuru Mungu sikutunga jibu. Nikasema, "Sindano ya leo twende wote. Ya kesho tutaizungumza kesho."

"Na Msata yako?"

"Msata haihami."

Akacheka kwa pua, akatafuta kanzu yake.

Hospitalini nilimsihi asifiche kitu, akaeleza yote. Daktari akatuambia huzuni ile huwapata wengi wenye maradhi yale. Si uvivu wala si pepo, nayo yataka kuangaliwa kama kidonda. Nilibaki mjini miezi mitatu, mimi niliyeshindwa kumaliza wiki. Zipo asubuhi Hamisi aligoma, nikamngoja kizingitini mpaka akatoka akinitukana. Matusi yale yalinifurahisha kuliko salamu. Huzuni iliondoka, ikarudi, tukaikabili tena. Baadaye alishika tena mwiko wake wa halua, mkewe akimwonjea.

Basi sikia, mwanangu. Mwenye kisukari usimuulize amekula nini tu. Muulize moyo wake umeamkaje, kisha ukae usikie. Na mgonjwa ukiwa wewe, usione haya kusema, "Nina jambo," kwa nduguyo na kwa daktari. Dawa usiiache hata kwa siku moja, na siku ikikushinda kuifuata, mwite mtu mfuatane. Kuitana si unyonge.

Mungu akupe afya ya mwili na wepesi wa moyo. Na siku moyo utakapokuwa mzito, akuletee mtu asiye na haraka.