Una Jiko Lako?

Watu walimwita Bi Dodoso, naye aliitika. Kwa miaka kumi na tano alikuwa karani wa takwimu, na kila baada ya miaka mitano alipita nyumba sitini na moja zile zile na fomu zake za maswali, akitaka kujua kila kaya inaingiza kiasi gani kwa mwezi. Alikuwa ameishia darasa la saba, lakini macho yake hayakupitwa na kitu. Bati jipya aliliona akiwa bado barabarani.

Sehemu aliyoipenda ni ya mwisho. Alizipanga fomu mezani, kaya yenye kipato kidogo kushoto, yenye kikubwa kulia, kisha akahesabu mpaka iliyo katikati barabara. Hiyo ndiyo iliyosema hali ya watu. Mwenye mashine ya kusaga angeweza kununua lori la tatu, katikati isitikisike.

Mara hii, ya nne, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudisha fomu wilayani. Jumatatu mtakwimu mpya akamwita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Katikati yako imeshuka kwa theluthi nzima. Wewe mwenyewe umeandika mabati yameongezeka, pikipiki zimeongezeka. Sasa pesa zimekwenda wapi?"

"Nimeandika walichoniambia."

"Au ulikaa kivulini ukajaza mwenyewe? Nipe maelezo kabla ya Ijumaa, mama, la sivyo jina lako nalikata."

Bi Dodoso alitoka na fomu zake kwapani. Kazi ingeuma kuikosa, lakini kuitwa mwongo baada ya miaka yote ile! Nyumbani alimweleza mumewe, fundi baiskeli, aliyekuwa amepakata gurudumu.

"Umepata kaya ngapi?" mumewe akauliza.

"Tisini na nne."

"Kutoka nyumba sitini na moja? Nyingine zimeota kama uyoga?"

"Vijana siku hizi wanajitenga."

"Wanajitenga vijana wa hapa? Hawa wanaopuliziwa uji na mama zao?"

Alicheka, ila neno lile lilimkaa. Jumanne saa za mchana alikwenda kwa mama mfuga nyuki, mjane mwenye wana watatu, wawili wameoa. Kwenye fomu, ua ule mmoja ulikuwa na kaya tatu. Akawakuta wote wamezunguka sufuria moja kubwa, wakwe, wajukuu na paka.

"Karibu Bi Dodoso! Umesahau swali?"

"Leo kuna sherehe?"

"Sherehe ya nini? Ndivyo tunavyokula kila siku," akasema mama mwenye nyumba. "Wanangu hawa hawajui hata chumvi inauzwa duka gani."

"Na pesa wanazopata?"

"Wananiletea mimi. Nani mwingine atazigawa?"

Bi Dodoso akamgeukia mwana mkubwa. "Baba, si nilikuuliza kama una jiko lako, ukasema unalo?"

"Ninalo, mwaka wa pili huu. Si hili hapa?" Akamshika mkewe bega.

"Heee! Kumbe mimi ni jiko?" mkewe akasema. "Basi limezimika. Maji ya kuoga kachemshe juani."

"Mimi nilisema sina," akadakia kitinda mimba, "lakini natafuta. Kama unamjua mtu, andika hapo."

Bi Dodoso alikaa chini akacheka mpaka machozi. Fomu za miaka yote ziliuliza, "Mnakula chungu kimoja?" Fomu mpya iliuliza, "Una jiko lako?", na makarani waliamriwa wasome kama ilivyoandikwa. Kila aliyeoa alijibu kwa fahari kwamba analo, na kaya moja ikakatwa vipande vitatu, kila kipande na vijisenti vyake.

Siku mbili alirudi mlango kwa mlango akiuliza habari za chungu. Kaya zikawa sitini na tatu. Alipozipanga upya, katikati ilikuwa imepanda kidogo kuliko miaka mitano iliyopita, kiasi cha mfuko mmoja wa saruji kwa mwezi.

Ijumaa alisimama mbele ya mtakwimu.

"Mwanangu, una jiko?"

Kijana akainamisha uso, akatabasamu. "Bado, mama. Mchumba yupo, ila mambo hayajakaa sawa."

"Nimekuuliza habari za mafiga na kuni."

Kijana akaitazama fomu, aliyoiandika kwa mkono wake. Masikio yakamwiva. Kisha akaangua kicheko, akaanza kuwapigia simu makarani waliokuwa bado vijijini: "Swali la tatu likateni! Rudisheni chungu!"

Alipokata simu ya mwisho alisema, taratibu, "Nisamehe, mama. Nilikuita mwongo." Akamvutia kiti na kumpa kalamu. "Hebu zipitie zote."

Bi Dodoso akavaa miwani, akaanza na swali la kwanza. Alipofika la sita akainua kichwa.

"'Nani mkubwa wa nyumba?' Hapa, mwanangu, unataka kuvunja ndoa za watu."