Ile P Katika Neno la Mwisho

Admini, nifichie jina. Mtaani kwetu Kikula kila mtu anajua mlango wa mwenzake.

Mimi ni bibi wa miaka sitini na nane. Vita vilinitoa Kalemie nikiwa mama kijana. Mji huu wa Likasi ulichelewa kunizoea, vitabu havikuchelewa.

Binti yangu mkubwa alikufa kwa homa, akaniachia mjukuu wa kike, sasa ana miaka kumi na minne. Marehemu alitamani kuwa fundi wa matanuru ya shaba pale kiwandani Shituru. Wajomba zake walimcheka, wakasema tanuru la mwanamke ni mbabula ya kupikia.

Kwa uchungu huo niliandika riwaya ya vijana. Msichana anafiwa na mama yake, kisha anaanza kuona mambo ya kesho: wanawake wakisimamia matanuru, wasichana wakikataa mahari ambayo hawakuulizwa. Ukoo unasema anaumwa, aombewe apone, aolewe. Nilimaliza hivi: "Wakamwombea mpaka asubuhi, naye akaona."

Binti yangu mdogo ndiye aliyeichapa kwa kompyuta na kuipeleka kwa wachapaji Lubumbashi. Vitabu vilipofika nilikimbilia ukurasa wa mwisho. "Wakamwombea mpaka asubuhi, naye akapona."

Nikacheka. Nikamwambia wachapaji wametuongezea P ya matabishi, kama muuza unga anavyoongeza kiganja. Yeye hakucheka.

"Njo minye niliiweka, mama. Weye unaandika, unaenda kulala. Minye njo nasikia huyu mutoto anaongea na marehemu mama yake pale ku mbabula. Nilitaka apone."

Nilimuuliza kwa nini hakuniomba. Akasema ningekataa. Kweli, ningekataa. Lakini kwa herufi moja wale wajomba wameshinda, na aliyewafungulia mlango ni mwanamke niliyemnyonyesha.

Mjukuu amekwisha kukisoma. Alinikuta nachambua majani ya sombe, akauliza polepole, "Kambo, kumbe ni ugonjwa?"

Tangu hapo haongei tena na marehemu mama yake, wala hataji tena Shituru. Mama yake mdogo anasema amepona. Usiku analala vizuri, na hilo pia ni kweli.

Jumapili wasichana wa mtaa watagawiwa vitabu. Kukata P kwa kalamu ni kazi ya alasiri moja. Nikiikata, namwaibisha mtoto pekee niliyebaki naye, na huenda namrudisha mjukuu kwenye kungoja mtu asiyekuja. Nikiiacha, nimemzika binti yangu mara ya pili, safari hii kwa mkono wa dada yake.

Ninyi mliofiwa, nanyi wasichana mnaosoma hapa, kama kitabu kingekuwa chenu mngetaka kupona, au kuona? Nijibuni kabla ya Jumapili. Kalamu ninayo mkononi.