Magadi Kwenye Chupa ya Kabonati

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa na mfano mmoja tu wa kuelezea kanuni ile ya joto, na aliutumia mpaka tukauchoka. "Ukitoka hapa kwenda Kongwa," alikuwa akisema, "pita barabara kuu, pita porini na ng'ombe, zunguka utakavyo. Kongwa haihami. Tofauti ya mwinuko kati ya hapa na kule ni ileile." Halafu anageukia ubao na kuandika milinganyo mitatu, akichora mishale ya kwenda na kurudi kwa chaki iliyokuwa ikimkatikia vidoleni.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya wasichana, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Mpwapwa mjini. Nilikuwa kidato cha tano, tahasusi ya fizikia, kemia na baiolojia. Nilitoka Chemba na sanduku la bati na nia moja, kuwa daktari wa mifugo. Ng'ombe wanne wa baba walikufa mwaka mmoja kwa ugonjwa ambao kila mtu kijijini aliutajia jina lake na hakuna aliyeujua. Ujinga ule uliniudhi kuliko vifo vyenyewe. Mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi, na sijawahi kumbishia.

Kanuni yenyewe niliipenda tangu siku ya kwanza. Kuna mabadiliko ya kikemia ambayo joto lake huwezi kulipima moja kwa moja. Chukua sodiamu baikabonati, ule unga mweupe ambao wengine hutia kwenye maandazi. Ukiipasha moto inavunjika, inabaki sodiamu kabonati, na maji na hewa ya ukaa vinatoka. Mvunjiko huo umemeza joto kiasi gani? Kipimajoto hakiwezi kukuambia, maana joto umelileta wewe mwenyewe na jiko lako, utatenganishaje la kwako na lile lililomezwa? Basi unazunguka. Unatia baikabonati kwenye asidi, unapima. Unatia kabonati kwenye asidi ileile, unapima. Zote mbili zinaishia mahali pamoja, kwenye maji ya chumvi na mapovu ya hewa. Ukishajua kila moja iko mbali kiasi gani na pale, utajua na umbali uliopo kati yao. Ya kwanza unaizidisha kwa mbili, ya pili unaitoa, kazi imekwisha.

Nilipenda kwamba haikuhitaji umjue mtu wala mtu akuamini. Ulihitaji vikombe viwili na uaminifu wa kusoma mstari wa kipimajoto. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Sasa wenzangu nao walikuwa na njia yao, na njia hiyo ilikuwa na jina: urithi. Kidato cha sita walipokuwa wakimaliza waliwaachia kidato cha tano kaunta buku lenye majibu ya majaribio yote ya vitendo, na hao nao wakawaachia wa nyuma yao. Lilikuwa limefungwa na utepe wa plasta na kurasa zake zilinuka mafuta ya taa. Humo jibu la mvunjiko wa baikabonati liliandikwa kwa wino wa bluu, themanini na tatu. Ukishakuwa na themanini na tatu, na umesoma kanuni, unaweza kurudi kinyumenyume mpaka ujue kipimajoto kilipaswa kusoma nini. Baikabonati ishuke nyuzi nane, kabonati ipande nyuzi sita. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hao hawakuwahi kukaa bweni letu. Ya wenzangu ilikuwa ndefu, ilipita kwenye milinganyo mitatu, na waliijua kanuni barabara kwa sababu ya kuivunja.

Mwisho wa mwaka ukaja mtihani wa vitendo. Kwenye ubao wa matangazo palibandikwa karatasi: atakayepata chini ya nusu katika vitendo vya kemia anahamishiwa masomo ya sanaa. Sina ugomvi na sanaa. Ila hakuna anayetibu ng'ombe kwa historia.

Siku hiyo upepo ulikuwa ule wetu wa nyanda za kati, unaoingia hata kwenye dirisha lililofungwa. Nilipachika kikombe cha plastiki ndani ya kingine, nikakizungushia kipande cha blanketi. Nikamimina asidi. Nyuzi ishirini na sita. Nikatia baikabonati, ikachemka kwa mapovu, kipimajoto kikateremka mpaka kumi na nane. Vizuri. Nikaosha, nikamimina asidi upya, ishirini na sita tena, nikatia unga wa chupa ya pili iliyoandikwa sodiamu kabonati.

Kipimajoto kikashuka.

Nilidhani nimekosea chupa. Nikasoma lebo, nikarudia. Kikashuka tena mpaka ishirini na tatu, kikasimama hapo. Chini ya kikombe palibaki chembechembe za mchanga. Niliinua macho, nikamtazama mwenzangu wa benchi, tuliyekuwa tukilala kitanda cha juu na cha chini. Kipimajoto chake kilikuwa kinashuka mbele ya macho yangu, na mkono wake ulikuwa unaandika thelathini na mbili. Hata hakukitazama.

Niliandika ishirini na tatu. Nikapiga hesabu kama nilivyofundishwa, nikapata arobaini na tatu badala ya themanini na tatu, nikaiacha hivyohivyo. Chini nikaongeza sentensi moja: unga wa chupa ya pili una mchanga na unapoza asidi.

Karatasi iliporudi ilikuwa na sifuri iliyozungushiwa duara, na kwa wino mwekundu: "Umebuni. Kabonati haipozi." Jina langu likawa peke yake kwenye orodha ya wanaohamia sanaa. Wasichana thelathini na wanane tulifanya mtihani ule, thelathini na saba walibuni, na mimi ndiye niliyeambiwa nimebuni.

Nilikwenda ofisini. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Najua kilichokuleta."

"Mwalimu, ilishuka. Nilirudia mara mbili."

"Wenzako wote ilipanda."

"Hawakusoma kipimajoto, mwalimu."

"Thelathini na saba hawakusoma, wewe ukasoma." Hakupandisha sauti. "Binti, kubali umekosea, usije na kesi ya kusingizia wenzako. Nenda."

Wenzangu bwenini nao walikuwa na lao. Yule wa kitanda cha chini aliniambia kwa upole kabisa, kana kwamba ananifundisha kuvaa viatu, "Si ungeandika tu sita? Nani alikutuma upime?" Nilimtukana tusi ambalo sitaliandika hapa. Hatukusalimiana mpaka likizo.

Jibu nililipata jikoni. Ilikuwa zamu yangu ya kuchambua maharage, nimekaa kwenye kigoda karibu na masufuria. Mama mpishi alikuwa anaponda magadi kwa jiwe. Shule nzima ilikula maharage ya magadi, kwa sababu bila magadi maharage yale yangeiva wiki ijayo. Nyumbani mama huyatia kidogo kwenye mlenda, lakini yake hununua masafi. Haya ya shule yalikuwa ya kijivu, yaliyochimbwa na kuletwa na udongo wake. Nilitazama unga uliokuwa chini ya lile jiwe. Rangi ile, na mchanga uleule.

"Mama," nikasema, "kuna mtu alikuja kuomba magadi hapa?"

"Nani asiyekuja kuomba hapa?" Hakuacha kuponda. "Yule kaka wa maabara alichukua bakuli zima kabla ya mitihani yenu. Nikamuuliza, una harusi? Akasema chupa yake imeisha na ya dukani mpaka Dodoma. Akaniambia haya ni yaleyale tu."

Si yaleyale. Magadi ya kuchimbwa ni kabonati na baikabonati zilizoshikamana pamoja na maji ndani yake, na mchanganyiko huo ukiutia kwenye asidi unameza joto, hautoi. Hili nililisoma baadaye. Siku ile nilijua jambo moja tu, kwamba mimi si mwongo. Niliacha maharage, mama mpishi akanifungia magadi kwenye kipande cha gazeti bila kuniuliza, nikavuka uwanja nikiwa na aproni.

Mwalimu alikuwa maabara, peke yake, anahesabu mirija. Nikaliweka gazeti mezani, nikatoa na karatasi yangu ya sifuri mfukoni, nikamweleza alichosema mama mpishi. Alilifungua gazeti, akausugua unga kwa vidole. Kisha akachukua mwenyewe vikombe viwili, akamimina asidi, akapima gramu tano, akatia. Tulisimama bega kwa bega tukitazama mstari. Ishirini na sita. Ishirini na tano. Ishirini na tatu, ukasimama. Chini ya kikombe, mchanga.

Nilisubiri. Nilikuwa na miaka kumi na minane na niliamini kwamba mtu akishaona, basi.

Alivuta kiti akakaa. Alionekana mzee kuliko asubuhi. "Umesema kweli," alisema. "Sasa nisikilize. Nikikupa wewe haki yako, wale thelathini na saba niwape nini? Wote wamedanganya. Niwahamishe wote sanaa? Kidato cha tano cha sayansi kifungwe? Na yule kijana wa maabara ana mke na mtoto, ataitwa, atafukuzwa. Na kurudia mtihani, nirudie kwa kabonati ipi? Huoni chupa ni tupu?"

"Kwa hiyo mimi ndiye nihame, mwalimu?"

"Sijasema uhame." Akafungua droo, akatoa karatasi safi ya majibu, akaisukuma kwangu juu ya meza. Akaweka na kalamu juu yake. "Andika upya. Tutasema uliumwa siku ile, nimekupa nafasi ya pili. Unaijua thamani inayotakiwa."

Ningependa kuandika hapa kwamba niliirarua. Nimeirarua mara nyingi sana kichwani, nikiwa nafua, nikiwa kwenye foleni ya maji, nikiwa kitandani. Lakini nilikumbuka wale ng'ombe wanne wamelala zizini na miguu imenyooka, na baba anazunguka na fimbo asijue aipeleke wapi. Nilikaa. Nikaandika kumi na nane. Nikaandika thelathini na mbili. Mkono haukukataa hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nikazidisha kwa mbili, nikatoa, nikageuza alama pale inapogeuzwa, nikapata themanini na tatu.

Nilipomaliza alikuwa anafuta asidi iliyomwagika mezani, na kitambaa alichofutia kilikuwa karatasi yangu ya kwanza. Niliona sentensi yangu kuhusu mchanga ikilowa. Alinipa kumi na nne kati ya kumi na tano. Ile moja aliitoa kwa mwandiko.

Jina langu lilifutwa kwenye orodha. Wenzangu walinipongeza kwa "kujirekebisha", na mwaka uliofuata kaunta buku la urithi likapitia mikononi mwangu kama lilivyopitia kwa wengine. Nililichoma kwenye jiko la mama mpishi. Ndani ya wiki moja walikuwa wameandika jingine, kwa kichwa tu.

Udaktari wa mifugo sikuupata. Alama zangu za mwisho zilinifikisha ualimu, na kwa hilo simlaumu mtu. Sasa nafundisha kemia, na bila kuomba nimepangiwa upande wa Kongwa. Kweli, haijahama. Kabla ya kila jaribio naifungua kila chupa mwenyewe, naijaribu kwa asidi mwenyewe, na mtunza maabara wangu ananiona mwanamke mgumu. Aendelee kuniona hivyo.

Muhula uliopita tulifanya jaribio lilelile. Kabonati ilikuwa kabonati kweli, nyeupe, niliinunua Dodoma mjini na kuibeba mapajani. Nilipita kwenye mabenchi na kuona madirisha yanapitisha upepo kama ya Mpwapwa na vikombe vingi havina blanketi, nikajua joto linapotea na hakuna hata kimoja kitakachofika nyuzi sita. Nikakusanya karatasi. Darasa zima walikuwa wameandika sita, sawasawa, bila hata nukta ya tofauti. Isipokuwa moja, iliyoandikwa nne.

Nilikuwa bado nimeishika karatasi ile mwenye nayo alipoingia ofisini, binti mwembamba anayekaa nyuma, ambaye sijawahi kumsikia akiuliza swali. Alikuwa na kalamu mkononi.

"Shikamoo madam."

"Marahaba."

"Madam, nimekosea. Wenzangu wote wamepata sita." Macho yake yalikuwa kwenye sakafu. "Naomba karatasi nyingine nirudie."

Nilipandwa na hasira, wala haikuwa juu yake. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumkumbatia. Nikaifunga kwa goti droo iliyokuwa wazi, taratibu, asione.

"Karatasi zimeisha," nikamwambia.

Mle ndani kulikuwa na rimu nzima, sijaifungua hata nailoni.