Mashine ya Mama Upepo na sakafu ya mkwe

Barazani, bibi mmoja mnene amekaa juu ya ubao, mikono magotini, kama anayesubiri kupigwa picha. Mbele yake, kwenye ubao uleule, imefungwa mashine ya chuma inayofika kiunoni. Mke wa mwanawe anazungusha mkono mrefu wa mashine. Tairi la toroli linalia kwii, kisha linachomoka kwenye rimu.

"Shuka sasa, mama."

"Nipande nishuke mara ngapi? Mimi si jiwe la mizani!"

Huyo mke wa mwanawe ndiye fundi pancha wa mtaa. Wateja humwita Mama Upepo, maana kujaza upepo kwake ni bure. Magari hayaletwi hapa. Yeye ni wa toroli, mikokoteni, skuta na viti vya magurudumu.

"Watu hudhani kidogo ndiyo rahisi," anasema. "Gurudumu dogo lina kiburi. La gari unalikanyaga, linatii. Hili linakurukia."

Kwa miaka tisa aling'oa matairi kwa vyuma viwili bapa, gurudumu amelibana kwa magoti. Mwaka jana kifundo cha mkono wa kulia kikaanza kuvimba. Daktari hakumung'unya maneno: akiendelea hivyo, mkono utakataa hata kushika kikombe.

"Nikamuuliza, je, nikitumia mashine? Akasema, mashine gani? Nikamwambia hata mimi sijui."

Mtu huchaguaje mashine ambayo hajawahi kuiona? Ya kwanza aliichagua kwa masikio. Alimwambia muuzaji kazi yake ni "namba nane", yaani rimu ya inchi nane. Muuzaji akaapa kuwa mashine ile inakula kuanzia namba nane hadi kumi na sita. Wala hakudanganya. Ila gurudumu huvishwa kwenye nguzo ya katikati, na tundu la gurudumu la toroli ni jembamba. Nguzo haikupita.

"Tuliuziana namba, tundu tukalisahau," anasema na kuangua kicheko.

Mumewe, fundi cherehani anayeshonea barazani hapohapo, anadakia: "Si nilikwambia? Suruali haipimwi urefu tu, na kiuno je?"

"Uliniambia nikiwa nimeshanunua!"

"Mimi sikuchelewa. Wewe ndiye uliyewahi."

Muuzaji alikubali kubadilisha. Safari ya pili Mama Upepo alikwenda na gurudumu lenyewe kikapuni. Dukani wakamcheka. "Kiatu cha mtoto utakinunuaje, mtoto umemwacha nyumbani?" aliwajibu. Akalivisha kwenye mashine moja baada ya nyingine, hadi akapata yenye nguzo nyembamba na mkono mrefu, kwa kuwa mkono mrefu haudai nguvu nyingi.

Kumbe bado. Mashine hiyo hufungwa sakafuni kwa bolti nne, la sivyo inazunguka pamoja na gurudumu. Na nyumba ni ya mama mkwe. Saruji ya baraza aliimwaga marehemu mumewe, akailainisha mwenyewe.

"Kaburi lake liko mbali," anasema bibi. "Hapa ndipo ninapomwona. Nikasema haitobolewi."

Mama Upepo hakubishana. Alifunga mashine kwenye ubao mnene, akasimama juu yake. Alivyo mwembamba, ubao ukazunguka naye. Ndipo bibi, kwa huruma au kwa udadisi tu, akaja akaukalia. Ukatulia tuli. Uvimbe wa mkono nao ukaanza kupungua.

Wiki iliyopita bibi alikwenda kumjulia hali dada yake. Aliporudi alimkuta mkwewe amefunga kifundo kwa kitambaa. Wateja walikuwa wamekuja, na vile vyuma bapa vilikuwa vimerudi kazini.

Leo, baada ya gurudumu la tatu, anainuka na kumwomba mwanawe chaki ya kukatia nguo. Anainama taratibu na kuchora alama nne kwenye saruji.

"Hapa, hapa, hapa na hapa. Mzee alikula kwa kazi ya mikono yake. Hatakasirika kwa mkono unaopona."

Mama Upepo anajifuta macho kwa kiganja chenye grisi, na uso mzima unachafuka. Anatumaini Jumatatu mashine itakuwa imeshika sakafu, naye ataweza kufanya kazi hata akiwa peke yake.

"Peke yako na nani?" anauliza bibi. "Niwekewe kigoda palepale. Kazi nimeshaizoea."