Kaajiriwa Leo, Sahihi Zake ni za Muhula Uliopita

Mwalimu mkuu wa shule moja karibu na Ekerenyo amesema leo kwamba mpwa wangu Kwamboka amefundisha pale tangu muhula uliopita.

Kwamboka ameajiriwa leo asubuhi.

Ni kazi yake ya kwanza, nami, mwandishi wa gazeti huko Nairobi, nilimsindikiza. Naibu wa mwalimu mkuu alimfungulia kitabu cha mahudhurio ya walimu ili aweke sahihi.

Jina lake lilikuwa humo tayari. Kila siku ya muhula mzima, na sahihi kando yake.

"Mjomba, huu si mwandiko wangu," akaninong'oneza.

Mwaka jana aliipelekea shule hiyo barua ya maombi na nakala za vyeti. Hakujibiwa hadi alipoitwa kazini.

Nikauliza ni nani aliyetia sahihi hizo. Mwalimu mkuu akacheka.

"Mzee wa magazeti, hapa si Nairobi. Madam, endelea tu pale palipoishia. Ama niite mwingine? Nyamira hii wamejaa."

Kwamboka akaweka kalamu chini, akaomba muda. Naibu akakifungia kitabu kabatini.

Akitia sahihi, yote ya nyuma yatakuwa yake, pamoja na mshahara wowote uliolipwa kwa jina lake. Asipotia, kazi imeenda.

Nyinyi mngemshauri nini? Amepewa hadi Jumatatu, saa moja asubuhi.