Kiti cha Motokaa ya Bwana Shamba

Siku ya kwanza nilipoingia kazini nilivaa kanzu mpya, na Bwana Fundi Mkuu aliniamuru niivue kabla sijamaliza kumwamkia. Karakana yake ilikuwa karibu na stesheni ya Morogoro. Kazi yake ilikuwa kutengeneza matandiko ya nyumbu wa serikali: soji za kubebea mizigo mgongoni, hatamu, na mikanda ya kuvutia magari. Alikuwa Mdachi, yaani Mjerumani, mfupi, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu.

"Baba yako kazi gani?"

"Anawamba vitanda, Bwana. Kule Bigwa."

"Vizuri. Mikono inajua kuvuta. Kaa."

Nikakaa. Miezi mitatu nilishona vipande vibovu vya ngozi na kitu kingine sikugusa. Mshono wetu ulikuwa wa sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta. Sindano moja hutoka kushoto, ya pili kulia, zote hupita tundu lile lile, hata uzi ukikatika upande mmoja, upande wa pili unashika. Kila jioni Bwana Fundi Mkuu alivuta mishono yangu kwa koleo. Ikifumuka, nilianza upya kesho yake.

Alinifundisha pia kukagua mgongo wa nyumbu. Tukivua soji baada ya safari, tulitazama manyoya yamelala wapi, yamelowa wapi, ngozi imechubuka wapi. "Nyumbu hasemi," alikuwa akiniambia. "Kidonda kinasema. Wewe soma."

Nilisoma miaka mitatu. Kisha mbung'o wakawamaliza nyumbu, karakana ikapunguza watu, na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akanipa barua niende kwa Mdachi mwenye shamba la katani upande wa Turiani. Huyu tulimwita Bwana Shamba. Alikuwa na motokaa, iliyoletwa kwa treni kutoka pwani. Watu walitoka vijijini kuja kuiona.

Kuiona kulikuwa raha, kuipanda kulikuwa adhabu. Kutoka shambani mpaka Morogoro ilikuwa safari ya kutwa nzima, juu ya mashimo na mawe na mchanga wa kando ya mto Wami. Springi za kiti zilikuwa zimevunjika, na Bwana Shamba alikuwa akishuka ameshika kiuno. Akanikabidhi kiti hicho.

Nami kwa ujana wangu nikadhani starehe ni ulaini. Nikang'oa springi, nikashindilia sufi mpaka kiti kikavimba. Nilijivuna kweli! Bwana Shamba akaenda nacho Morogoro, akarudi kesho yake akiteremshwa na watu wawili. Akaniita uani. Msimamizi alikuwa kando yake, kiboko mkononi.

"Umeniketisha juu ya uji!" akafoka. "Nimeteleza njia nzima. Mgongo umekufa."

Maneno yakanitoka. "Bwana, nyumbu nilikuwa namkagua mgongo. Wewe sijakukagua."

Msimamizi akapiga hatua mbele. Bwana Shamba akamzuia kwa mkono. Akamwambia yule msimamizi aende zake. Kisha akanigeuzia mgongo na kupandisha shati lake.

Nikamsoma kama nilivyofundishwa. Ngozi juu ya mfupa wa chini ilikuwa nyekundu, maana alizama mpaka kwenye ubao. Kiunoni palikuwa pakavu, hapakuguswa na kitu. Kiuno kilikuwa kikijishikilia chenyewe kutwa nzima. Nikamwomba ruhusa ya kupanda gari mimi mwenyewe, na kesho yake dereva Sefu, mtu wa Bagamoyo, akanipeleka mpaka mtoni na kunirudisha. Nilishuka najua kwamba miguu isipopata pa kukanyaga, mwili wote unateleza mbele.

Nikaanza upya. Nilitengeneza fremu ya mbao, nikaiwamba kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe kama baba alivyowamba vitanda, mbele nikaiinua kidogo ili ishike mapaja. Juu yake nikaweka godoro la usumba wa nazi, nikalishona kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia, lisihame. Sufi nikatandika kidogo tu, halafu ngozi ya mbuzi. Kiunoni nikashonea mto mwembamba unene wa mkono. Chini nikapigilia ubao wa mshazari wa kukanyagia. Nikamtengenezea na Sefu kiti kama hicho, maana alikuwa akikalia sanduku.

"Nani amekuambia ufanye cha dereva?" Bwana Shamba akauliza.

"Dereva akiumwa mgongo, Bwana, breki anaikanyaga kwa kuchelewa."

Akakiacha kiti cha Sefu mahali pake. Safari iliyofuata alishuka mwenyewe, akatembea mpaka barazani bila kushika kiuno. Sefu alinipa mkono kwa mikono yake miwili.

Mwaka uliofuata mkanda wa mashine ya katani ulimvuta Kobelo, Mluguru wa Matombo, rafiki yangu, ukamvunja paja. Kwa machela angefika kwa daktari siku ya tatu, kama angefika. Nikaenda na Sefu barazani kuomba gari.

"Motokaa si ya vibarua," Bwana Shamba akasema.

"Bwana, egemeo la kiti chako cha nyuma nimelifunga kwa kamba. Nikifungua, kinalala kama kitanda."

"Na damu ikiingia kwenye ngozi?"

"Nitaibadilisha kwa mikono yangu."

Alitazama upande wa mashine, ambako Kobelo alikuwa akilia. "Nendeni," akasema.

Tulimfunga mguu kwa vipande vya mbao, tukamlaza. Nilipiga magoti kando yake safari nzima, mkono mmoja chini ya goti lake. "Ndugu yangu, usiniache," alikuwa akisema kila tulipopita shimo. Pale Wami maji yalifika kwenye ubao wa kukanyagia, Sefu akavuka taratibu, akisoma dua kwa sauti. Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika hospitali ya Morogoro. Bwana Mganga, yule daktari, alimkagua, kisha akakagua na kiti, akabonyeza usumba kwa kidole.

"Mfupa haukusogea," akaniambia. "Kazi nzuri, fundi."

Kobelo aliishi. Mguu ulibaki mfupi kidogo, lakini alirudi Matombo akalima migomba, akaoa, akazaa.

Vita vilipokuja askari waliichukua motokaa, sikuiona tena. Mwingereza alipoingia nikashona viti vya malori, nikawafundisha wengine mshono wa sindano mbili, mpaka vidole vilipokataa kuvuta. Siku hiyo niliacha bila kusukumwa na mtu.

Majuzi mjukuu wangu, ambaye ni mwalimu, aliniuliza kama sioni haya kuwastarehesha Wadachi waliotupiga. Nilimwambia kupigwa kuliniuma, na kunaniuma hata leo, lakini kwa kazi yangu sikuona haya hata siku moja. Kiti kile nilikibuni mimi, na aliyekikalia akiwa na shida kuliko wote alikuwa Kobelo. Kisha nikamwomba anishike mkono niinuke, maana siku hizi mgongo unaouma ni wangu.