Fundi Bunduki na Bega la Bi Lorna

Fundi bunduki wa mji wetu hapa Montana hunusa mafuta kabla ya kuyapaka, na husema na vyuma kwa sauti ya chini kama anayebembeleza mtoto. Bi Lorna, mshindani wa shabaha wa miaka mingi, alimletea bunduki yake fupi ya risasi za bastola.

“Inanipiga bega, fundi. Daktari kasema niache kupiga shabaha.”

Fundi alitoa kile chuma kizito cha ndani kinachorudi nyuma kwa kishindo kila risasi inapotoka, akaweka chepesi chenye vigololi vya kukichelewesha ili kisilipige bega. Kwenye uwanja wa shabaha Bi Lorna alifyatua risasi kumi mfululizo, akageuka macho yamemlowa.

“Mbona hainiumizi?”

Fundi akafuta miwani yake iliyokwisha kuwa safi.

“Sasa ukikosa shabaha, mama, usiisingizie bunduki,” akasema.